Mume Wangu na Treni Yake ya Sentimita 36

Kuna wanaume wanaokesha na mpira, kuna wanaokesha na gemu, halafu kuna wa kwangu mimi. Yeye anakesha na ramani za reli. Nazungumzia zile karatasi kubwa za bluu zenye mistari myeupe, ambazo wahandisi wa zamani waliwapa mafundi ili wajue nguzo ya daraja inakaa wapi na behewa lina urefu gani. Anazikusanya, anazikunjua mezani, kisha anazitumia kujengea treni ndogo za kuchezea. Samahani, "modeli". Ukisema za kuchezea utanuniwa siku mbili.

Mpenzi msomaji, najua unacheka. Lakini hobi ni jambo zito kwenye uhusiano, kwa sababu inakula vitu vitatu ambavyo wapenzi wengi hugombania: hela, nafasi na muda. Mwaka wa pili wa ndoa yetu, chumba tulichokubaliana kiwe cha mtoto kilikuwa na meza moja ndefu, mabomba ya kadibodi yaliyojaa ramani, na harufu ya gundi. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Tulifika mahali pa kutosemeshana.

Kwa nini bluu?

Kabla hujagombana na kitu, kifahamu kwanza. Njia hii ya kunakili ilibuniwa na mwanasayansi Mwingereza, John Herschel, mwaka 1842. Karatasi inapakwa kemikali zenye madini ya chuma. Mchoro uliochorwa kwa wino kwenye karatasi inayopitisha mwanga unawekwa juu yake, vinaanikwa juani, kisha karatasi inasuuzwa kwa maji. Palipopigwa na mwanga panageuka bluu, na palipokingwa na wino panabaki peupe. Kwa njia hiyo mchoro mmoja uliobaki ofisini ungeweza kutoa nakala nyingi za kupeleka karakana na kwenye ujenzi.

Reli yetu haipo dukani

Swali langu la kwanza lilikuwa hili: kwani huwezi kununua treni iliyokwisha tengenezwa, tukalala? Jibu lake lilinifungua macho.

Skeli inayopendwa sana duniani ni 1 kwa 87, yaani futi moja ya kweli inakuwa milimita 3.5 mezani. Reli ya kawaida ya madukani kwa skeli hiyo ina upana wa milimita 16.5. Ukizidisha unapata milimita 1,435, ambao ni upana wa SGR, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024.

Lakini reli waliyosafiria bibi zetu ilikuwa nyembamba zaidi. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, ina upana wa mita moja tu. TAZARA, kilomita 1,860 zilizojengwa kati ya 1970 na 1975, ina milimita 1,067. Kwa skeli ile ile, ya kwanza inatoka milimita 11.5 na ya pili 12.3. Kwa hiyo wapenzi wa modeli hununua reli ya milimita 12 na kuitumia kwa zote mbili. Mabehewa na stesheni ndiyo kasheshe. Hapo unakata mwenyewe, na bila mchoro unabahatisha.

Kwa sasa anajenga Garratt ya daraja la 59. Hivi ni vichwa vya treni 34 vilivyotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki, miaka ya 1955 na 1956, na kupewa majina ya milima. Kimoja kilikuwa na urefu wa karibu mita 32 na uzito wa takribani tani 250. Mezani kwetu ni sentimita 36. Vya kweli viwili, Mount Gelai na Mount Shengena, vipo kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Milima yenyewe ipo kwetu Tanzania. Michoro ya kampuni hiyo imehifadhiwa kwenye makumbusho ya sayansi na viwanda huko Manchester.

Mzee alipoongea

Baba mkwe wangu alikuwa fundi wa mabehewa. Ni mtu wa maneno machache. Na mwanawe walikuwa wanasalimiana, wanaulizana hali ya hewa, basi. Jumapili moja alikuja kuniangalia hali, akakuta mchoro wa behewa la abiria umetandazwa. Akavaa miwani. Akaweka kidole mlangoni.

"Hii siyo," akasema. "Hapa karatasi inasema boriti moja. Sisi tulikuwa tunaongeza ya pili, maana hii moja ilikuwa inapinda."

Mume wangu akachukua kalamu. Mzee akaongea mpaka saa tatu usiku: nani alikuwa mnyapara, nani aliumia mkono, chai ilinywewa wapi. Mwanawe hakuwahi kuyasikia hata moja. Mimi niliyekuwa nimejiandaa kuomba ile meza itolewe, nikaenda kuongeza maji ya ugali.

Tangu siku ile naamini kwamba mchoro unaonyesha kilichoagizwa, na mtu aliyekuwepo ndiye anayejua kilichofanyika. Michoro ikitunzwa kwenye droo itatusubiri. Wazee hawatatusubiri.

Tulivyokubaliana

Chumba kilibaki cha mtoto. Meza ikahamia ukutani sebuleni, ikafungwa bawaba, ikiisha kazi inakunjwa. Hela ya hobi ina kiwango chake kila mwezi na inatoka baada ya ada, kodi na akiba. Gundi na rangi hutumika madirisha yakiwa wazi, mtoto akiwa mbali. Na mimi nina saa zangu pia, ambazo hakuna anayeniuliza naenda wapi. Siyo kwamba hatugombani tena, ila sasa tunagombania vitu vidogo.

Ukitaka kuanza

• Uliza mchoro umetoka wapi. Karatasi yenye mhuri wa ofisi ya umma inaweza kuwa mali ya taifa, na Tanzania ina Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002. Nakala inakutosha kabisa kujengea.

• Piga picha au skani, fanyia kazi nakala. Ile ya asili ilale bapa, gizani na pakavu. Mwanga hufifisha bluu. Usiweke selotepu wala plastiki ya kugandisha kwa moto.

• Soma namba zilizoandikwa, usipime karatasi kwa rula. Karatasi hutanuka na kusinyaa.

• Anza na kitu chepesi, kama behewa la mizigo au kibanda cha stesheni, kwa kadibodi ngumu, kisu kikali na rula ya chuma. Garratt isubiri.

• Muhimu kuliko yote: kama kwenu kuna mzee aliyefanya kazi reli, bandari au kiwandani, mtafute wikiendi hii. Mwekee mchoro mbele yake, mpe chai, kisha nyamaza.