Jina Likikosekana Kwenye Orodha ya NSSF

Ifikapo tarehe 9 ya kila mwezi, mwajiri anatakiwa awe ameshawasilisha makato ya mwezi uliopita kwa Hazina ya Malipo ya Uzeeni (NSSF) na kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Pesa peke yake hazitoshi. Lazima ziandamane na orodha yenye jina la kila mfanyakazi, nambari ya kitambulisho, nambari ya uanachama, mshahara na kiasi alichokatwa.

Mhudumu wa hoteli Diani anayelipwa Sh20,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 6 ya NSSF, yaani Sh1,200, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Karani akikosea tarakimu moja tu ya kitambulisho, hizo Sh2,400 zitapokelewa lakini hazitaingia katika akaunti ya mhudumu huyo. Zitakaa bila mwenyewe hadi mtu azifuatilie, na mara nyingi mwenyewe hugundua akiwa na miaka 60, anapokwenda kudai chake.

Huku Pwani kosa ni jepesi kutokea. Khamis wa kwenye kitambulisho huwa Hamisi kazini, na Mwanaasha akawa Mwanasha. Jirani wa Msambweni hatatizika, ila kompyuta inaweza kuwaona ni watu wawili. Kisha kuna wafanyakazi wa msimu. Hoteli hupunguza watu wakati wa masika, na wanaporudishwa kazini watalii wakianza kuja, wengine majina yao hayarudi kwenye orodha ingawa makato yanaendelea.

Kwa upande wa afya madhara huja haraka zaidi. Bima ya SHIF, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024, hukata asilimia 2.75 ya mshahara. Kwa mhudumu wetu ni Sh550. Jina lake likiachwa nje, mtambo utaonyesha hajalipa. Atalijua hilo akiwa dirishani katika Hospitali ya Rufaa ya Msambweni, pengine na mtoto mgonjwa mkononi, na karatasi ya mshahara mfukoni inayoonyesha amekatwa.

Mwajiri naye hasalimiki. Mfanyakazi aliyeachwa nje huhesabiwa hajalipiwa, na mchango wa NSSF uliochelewa huongezewa faini ya asilimia 5 kwa kila mwezi. Sheria ya NSSF ya 2013 inamhusu hata mwenye mkahawa wa Ukunda aliyeajiri mtu mmoja.

Mfanyakazi anaweza kukagua michango yake ya NSSF kwa kupiga *303#, na hali ya bima kwa *147#. Akiona mwezi umerukwa, aanze kwa mwajiri na kuomba orodha isahihishwe. Isiposaidia, apeleke kitambulisho na karatasi za mshahara za miezi hiyo katika Huduma Centre mjini Kwale. Karatasi hizo zisitupwe, hata za kazi aliyoiacha zamani.