Kijana Wetu Anatengeneza Mashine ya Kupigia Picha Panya wa Maabara: Je, Pato Lake ni Halali?

SWALI:

Sisi tupo Songwa, Kishapu. Kijana wetu yupo ng'ambo, anashughulika na umeme wa mashine za kupigia picha panya wanaofanyiwa utafiti wa saratani. Anatusaidia kwa pesa hizo. Je, tuzipokee?

JIBU:

Sifa zote njema ni za Allaah, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Hatuwezi kulitolea hukumu jambo tusilolijua, basi tuanze na mashine. Panya hudungwa sukari yenye mionzi, mara nyingi florini-18, ambayo hupungua nusu kila dakika 110. Uvimbe wa saratani huivuta sukari hiyo kwa wingi. Chembe yake ikivunjika, hatimaye hutoka miale miwili inayokwenda pande zinazokabiliana. Mwale ukigonga fuwele zilizomzunguka panya, fuwele humetameta. Watu wa Songwa hili si geni kwao: katika migodi ya almasi, almasi hutambuliwa kwa kung'aa inapopigwa eksirei.

Kazi ya kijana inaanzia hapo. Kila mmeto hugeuzwa umeme, ukapimwa nguvu na kuandikiwa wakati wake. Miwili ikifika ndani ya nanosekunde chache huhesabiwa jozi. Usio na mwenziwe hutupwa. Mashine hii ikiunganishwa na ile ya sumaku, ugumu huzidi, kwa sababu mirija ya zamani ya kukuzia mwanga haifanyi kazi penye sumaku kali. Ndiyo maana hutumika vipokezi vya silikoni.

Zamani, ili kujua uvimbe umekuaje, panya kadhaa waliuawa kila baada ya muda na kupasuliwa. Sasa panya yule yule hulazwa kwa dawa ya usingizi na kupigwa picha tena na tena. Wanaokufa hupungua.

Wapo wasemao panya ni katika wanyama watano walioruhusiwa kuuawa, kwa hiyo hana haki. Hapana. Ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa, na kisa cha mwanamke aliyemfungia paka bila chakula kinajulikana.

Kwa hiyo zipokeeni. Pato hilo ni halali maadamu utafiti una haja ya kweli na panya hapewi maumivu yanayoepukika. Na mwambieni kijana asichezee vipimo ili picha ipendeze. Akifanya hivyo panya ameumizwa bure, na mgonjwa anayesubiri dawa amedanganywa.

Na Allaah ndiye Mjuzi zaidi.