Moto wa Gabija

Katika Lithuania, nchi ya Ulaya iliyobatizwa mwaka 1387, iko dini iitwayo Romuva. Iliundwa katika karne ya 20 kwa kufuata nyimbo na desturi za wazee, ikaandikishwa mwaka 1992.

Kiini cha ibada yao ni moto, uitwao Gabija. Zamani mama wa nyumba alifunika makaa kwa majivu kila usiku, akiusihi moto ulale kwa amani usiiunguze nyumba. Hata sasa huwasha moto juu ya madhabahu ya mawe, huimba, huutilia chumvi na nafaka.

Je, waabudu kuni ziwakazo? Sivyo. Kwao moto ni nafsi iliyo hai, tena mjumbe apelekaye sadaka kwa miungu na wahenga.

Mwaka 2019 Bunge lilikataa kuitambua dini hiyo. Mwaka 2021 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua kwamba wamebaguliwa. Mwaka 2024 Bunge likaitambua.

Basi mwalimu aelezaye imani ya wengine na aulize kwanza wenyewe wasemavyo, maana aanzaye kwa kuwapa jina baya hataielewa kamwe.