Ruhusa ya Kuwinda Kulungu kwa Upinde kwenye Ardhi ya Mtu

Nchini Marekani kulungu si mali ya mwenye shamba, hata akila na kulala humo mwaka mzima. Wanyamapori wamo chini ya dhamana ya jimbo kwa niaba ya wananchi wote. Jimbo ndilo linalotoa leseni, linalopanga msimu na kuweka idadi ya wanyama wanaoruhusiwa kuuawa. Mwenye ardhi amebakiziwa jambo moja, nalo ni zito: nani aingie. Leseni ya uwindaji haimpi mtu haki ya kuvuka mpaka wa shamba. Katika Texas, ambako zaidi ya tisa ya kumi ya ardhi ni ya watu binafsi, mwindaji asiye na shamba hana budi kupiga hodi kwa mwenye nalo.

Namna ya kuomba hutofautiana kwa jimbo. Ohio humtaka mwindaji atembee na ruhusa ya maandishi. Katiba ya Vermont, tangu 1777, inaruhusu kuwinda kwenye ardhi isiyozungushiwa uzio, hivyo asiyetaka wageni ndiye anayepaswa kuweka vibao vya katazo. Katika Texas, tangu 1997, mistari ya rangi ya zambarau kwenye miti ya mpakani ina nguvu sawa na kibao.

Upinde humsaidia mwombaji. Hauna kishindo, na mshale wa kulungu kwa kawaida hupigwa kutoka umbali usiozidi mita 40. Ndiyo maana Pennsylvania humtaka mwenye bunduki akae yadi 150 kutoka nyumba ya watu, lakini mpiga upinde yadi 50 zinamtosha. Vipande vidogo vya ardhi pembezoni mwa miji, ambako bunduki haifikiriki, humfaa. Huko ndiko malalamiko ya bustani zilizoliwa yanakosikika sana. Hata hivyo, mara nyingi mwenye bustani anataka majike yapunguzwe, ilhali mgeni anaota dume lenye pembe pana. Anayekubali kuanza na majike hufunguliwa mlango upesi.

Mwaka mpya hadi katikati ya kiangazi ndio wakati mzuri wa kuomba. Wakati wa mavuno mkulima hana nafasi ya mazungumzo. Jina la mmiliki hupatikana katika kumbukumbu za ardhi za kaunti. Kama shamba limekodishwa, mkulima anayelilima naye aulizwe, kwani ndiye atakayekuta magurudumu yamepita juu ya soya yake. Kufika mlangoni usiku wa kuamkia msimu, umevaa mavazi ya maficho, ni kujitafutia jibu la hapana.

Hofu kubwa ya wenye ardhi ni kushtakiwa mgeni akianguka kutoka kwenye dungu lake mtini. Majimbo yote yana sheria zinazompunguzia mwenye ardhi dhima anapowaruhusu watu kuingia bure kwa mapumziko au michezo. Akitoza fedha, kinga hiyo kwa kawaida hupungua au hutoweka, ndiyo maana mikataba ya kukodisha mashamba kwa wawindaji huambatana na bima. Hati ya ruhusa itaje tarehe, njia ya gari, kama rafiki anaweza kuja, na jinsi dungu litakavyofungwa. Mikanda ni bora kuliko misumari, ambayo huharibu mbao na kuvunja meno ya misumeno.

Jambo linalosahaulika zaidi ni jirani. Mshale huua kwa kutoa damu, na kulungu aliyepigwa vizuri mapafuni bado anaweza kukimbia mita 100 kabla ya kuanguka. Kwenye shamba dogo ataangukia kwa mtu mwingine, na ruhusa ya kwanza haifiki huko. Jirani akikataa, katika majimbo mengi hata afisa wa wanyamapori hawezi kumlazimisha, na nyama itaoza. Majirani waombwe kabla ya msimu kuanza, isije ikawa damu ndiyo inayowatambulisha.

Ruhusa ya bure haina uhakika: mwenye ardhi anaweza kuiondoa siku yoyote, na shamba likiuzwa, mwindaji huanza upya kwa mmiliki mpya.