Mvua, Udongo na Vijito: Sababu za Kisima Kuchelewa Kujaa

Mjini Lubumbashi mvua huanza mnamo Oktoba au Novemba, hukoma Aprili, na kwa mwaka hukaribia milimita 1200. Hata hivyo mvua za kwanza haziongezi maji kisimani. Sababu yake ni udongo.

Baada ya kiangazi, udongo wa juu huwa umekauka, nao huyashika maji ya kwanza: mengine hunywewa na mizizi, mengine hurudi hewani yakiwa mvuke. Udongo ukisha kushiba, ndipo maji yanayozidi hushuka polepole, yakipenya katika nyufa za miamba, hata kuyafikia maji ya chini ya ardhi. Kwa hiyo usawa wa maji hayo hupanda kabisa mvua zinapokaribia kwisha, wala si zinapoanza.

Vijito navyo vina sehemu yao. Wakati wa kiangazi mto Kafubu huendelea kutiririka, kwa kuwa maji ya chini ya ardhi huulisha. Lakini mahali ambapo maji hayo yameshuka chini ya usawa wa kijito, mambo hugeuka: kijito ndicho huilisha ardhi, na uchafu wake waweza kufuata njia iyo hiyo.

Basi kisima kilichochimbwa Machi, kikaachwa mara maji yalipoonekana, chaweza kukauka Oktoba. Yafaa kichimbwe mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa chini kabisa. Choo cha shimo, kinyume chake, kipimwe kwa maji ya Machi, shimo lisije likayafikia.