Maji Kwanza, Wavu Baadaye: Kutengeneza Upya Kiwanja cha Tenisi cha Watu Wote

Kiwanja cha tenisi kikichakaa, neno la kwanza linenwalo barazani ni wavu. Mmoja husema wavu umetoboka. Wa pili husema nguzo zimeshika kutu. Wa tatu huomba mistari ichorwe upya. Yote hayo ni kweli, tena huonekana kwa macho, ndiyo sababu fedha za watu hukimbilia huko.

Nasi tulifanya vivyo hivyo. Miaka kadhaa iliyopita, tukiwa walimu katika chuo kimoja, tulichanga fedha pamoja na watu wa vijiji viwili vya jirani ili tufufue kiwanja cha udongo kilichokuwa chetu sote. Tukanunua wavu mpya, tukasimamisha nguzo, tukachora mistari ya chokaa iliyonyoka kama uzi. Masika yalipoingia mwezi wa Machi, maji yakasimama chini ya wavu siku tatu mfululizo. Nayo yalipokauka, uso wa kiwanja ulikuwa kama zizi lililokanyagwa na ng'ombe. Ikawa tuna wavu mzuri, wala hatuna mahali pa kuchezea. Waliochanga, na wengi wao ni wakulima, walituuliza fedha zao zimekwenda wapi. Hatukuwa na jibu.

Basi mara ya pili tulianza na maji. Mvua iliponyesha tulitoka na vigingi, tukachomeka kigingi kila mahali penye dimbwi, tukatazama pia maji ya mlimani yaingia kwa upande gani. Kazi hii haina gharama, lakini haifanyiki wakati wa kiangazi; anayepanga matengenezo mwezi wa Agosti bila ya kuwa amekitazama kiwanja chake mwezi wa Aprili, huyo apanga kwa kubahatisha. Upande wa juu tulichimba mfereji wa kuyakinga maji ya mlimani kabla hayajafika.

Kiwanja chenyewe hakipaswi kuwa sawa kabisa kama meza. Hupewa mteremko mdogo wa upande mmoja tu, na ulio bora ni ule utokao ubavu mmoja kwenda ubavu wa pili. Wako wanaoinua katikati chini ya wavu, au wanaopashusha, wakidhani wametenda haki kwa wachezaji wa pande zote mbili. Kumbe wameharibu mchezo, na wale wa pili wamejichimbia dimbwi. Kwa kiwanja cha saruji au cha lami mteremko ni kama inchi 1 kwa kila futi 10. Kwa kiwanja cha udongo hupunguzwa sana, kwa kuwa maji yaendayo mbio huuchukua udongo pamoja nayo.

Huu ndio wakati wa kuuliza pia kama kiwanja chaelekea panapofaa. Urefu wake wapasa kwenda kaskazini na kusini. Katika nchi zetu za Ikweta watu hucheza asubuhi na jioni kwa kukimbia joto, na saa hizo jua huwa chini mashariki au magharibi. Kiwanja kilicholazwa vibaya humpofusha mchezaji mmoja kila siku. Kukigeuza ni kazi kubwa, lakini kama udongo wote utachimbuliwa hata hivyo, ni afadhali kukigeuza sasa.

Udongo ulio bora twaujua tangu utoto, nao ni ule wa kichuguu. Mchwa huushikamanisha kwa mate yao chembe kwa chembe, ndipo ukawa mgumu hata jembe hulia. Viwanja vingi vya Afrika Mashariki na ya Kusini vilitandikwa udongo huo. Huvunjwa, hupondwa, huchekechwa, kisha hutandazwa juu ya changarawe iliyoshindiliwa, hulowanishwa kidogo na kuviringishiwa pipa lililojazwa zege. Mwenye shamba aombwe ruhusa kwanza. Sisi tulisahau, tukapatanishwa na mzee wa kijiji kwa shida. Saruji haitaki kufagiwa na kushindiliwa kila juma, lakini ni ghali, na ikipasuka kwa mizizi ya miti haizibiki kwa toroli moja ya udongo.

Vipimo vilitungwa kwa futi, kwa hiyo katika meta vina mabaki. Urefu ni futi 78, yaani meta 23.77. Upana kwa wachezaji wanne ni futi 36, na kwa wawili ni futi 27. Lakini asipime mtu hayo tu akajenga ua mistarini! Nyuma ya kila mwisho yatakiwa nafasi ya futi 21, na kila ubavu futi 12, hata eneo lote liwe futi 120 kwa 60. Ili pembe ziwe mraba, pimeni nusu ya kiwanja kutoka kona ya nyuma hata mahali wavu unapokutana na mstari wa ubavu wa pili: kwa upana wa futi 36 yapasa kupata futi 53 na inchi 1. Wanafunzi wetu walilihesabu jambo hili ubaoni kwa furaha kuliko hesabu yoyote ya kitabuni. Wavu huwa futi 3 katikati, na futi 3 na nusu nguzoni.

Limebaki la watu, ambalo ni gumu kuliko udongo. Kiwanja cha wote kikiwa na ufunguo mmoja mfukoni mwa mtu mmoja, si cha wote tena. Tuliandika zamu katika daftari, wasichana wakapewa siku zao, na wanaocheza mwisho jioni hukokota gunia zito juu ya udongo kusawazisha nyayo. Kwa watoto tuligawanya kiwanja kwa kukikata kwa upana: upana wa futi 36 watosha kuwa urefu wa kiwanja chao kidogo, hata vinne huenea mahali pa kimoja. Tangu mwaka 2012 sheria za mchezo hutaka mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini yachezwe kwa mipira ya polepole, nayo yafaa sana mahali hapo padogo.

Masika yaliyofuata maji yaliondoka kiwanjani kabla ya jioni. Ndipo tulipoutoa ghalani ule wavu wa kwanza. Panya walikuwa wameutafuna pembe moja. Tukaushona kwa uzi wa katani, tukaufunga.