HOMA YA BARIDI YABISI NA UMRI WA WANAOPATWA NAYO

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa juu ya homa ya baridi yabisi. Maelezo haya yanawahusu pia wazazi wa Unguja na Pemba ambao watoto wao wanasoma Dar es Salaam na kukaa kwa jamaa zao Mbagala, Tandika, Tandale, Bunju na kwengineko katika Wilaya za Temeke na Kinondoni.

Jina lenyewe limewapoteza wengi. Mtu akisikia baridi yabisi humfikiria mzee anayelalamika magoti wakati wa kipupwe. Homa hii siyo hiyo. Aghalabu humpata mtoto mwenye umri baina ya miaka 5 na 15. Chini ya miaka 3 ni nadra sana, na mtu aliyepindukia miaka 30 ni nadra kupatwa kwa mara ya kwanza. Mwenye khatari kubwa, basi, ni mwanafunzi wa skuli.

Maradhi huanzia kooni. Vijidudu viitwavyo streptokoka wa kundi A hupita kwa wepesi kutoka mtoto hadi mtoto pale wanapobanana, iwe ni darasani au katika chumba kimoja cha kupanga kinacholaliwa na watu sita. Koo hupoa baada ya siku chache na mzazi akasahau. Wiki 2 hadi 4 baadaye, kinga ya mwili iliyokuwa ikipigana na vijidudu hushambulia maungo, ubongo na moyo wa mtoto mwenyewe. Hupata homa, na maumivu yakahama: leo goti, kesho kifundo cha mguu. Watu husema "anakua huyo", wakampaka mafuta. Mwengine, hasa msichana, huchezwa na mikono na uso bila ya kukusudia, akaangusha vikombe na mwandiko wake ukaharibika. Si ajabu mtoto huyo akapelekwa kupungwa pepo, au akaadhibiwa kwa uzembe.

Maungo hupona. Moyo huenda usipone, kwani milango yake, yaani valvu, hubaki na makovu, na kila homa inaporudi makovu huzidi. Aliyeugua akiwa na miaka 9 anaweza kuonekana mzima kwa muda mrefu, kisha akaanza kukosa pumzi akiwa na miaka 25, ameshaajiriwa au ana mimba. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 12 za Afrika, India na Yemen, na kutangazwa mwaka 2014, ulikuta kuwa nusu ya wagonjwa wa moyo wa aina hii hawakuzidi umri wa miaka 28, na karibu theluthi mbili walikuwa wanawake. Valvu iliyoharibika sana huhitaji upasuaji, na atakayewekewa ya chuma hula dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote.

Yote hayo huzuilika kwa penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Mtoto wa umri uliotajwa akiumwa na koo pamoja na homa, hasa bila ya mafua wala kikohozi, apelekwe kituo cha afya. Atapewa sindano moja, au dawa ya kunywa ya siku 10 ambayo lazima imalizwe hata kama amepata nafuu. Matibabu yakianza ndani ya siku 9 tangu koo kuuma, bado yanafaa. Kukata kimeo hakuondoi vijidudu hivyo. Humtoa mtoto damu bure.

Aliyekwisha kuugua hudungwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa muda usiopungua miaka 5 au mpaka atimize miaka 21, kwa kufuata muda ulio mrefu zaidi. Ambaye valvu zake zimeharibika huendelea hadi miaka 40 au zaidi, kama atakavyoamua daktari. Hapa ndipo familia zetu hukosea. Likizo ikifika mtoto huvuka kwa boti, kadi yake ikabaki Temeke, na wiki 4 zikawa 10. Kadi isafiri naye. Walimu na wakuu wa kazi nao wanaombwa wasihesabu siku ya sindano kuwa ni utoro.

Mtoto mwenye maumivu ya maungo asipewe aspirini kabla ya kuonwa na daktari, kwani hupoza uvimbe na kuficha dalili. Na huenda ikawa ni selimundu, ambayo hutambuliwa kwa kupima damu.